Maneno ya Mwisho ya Mwenye Mbwa

Kigali ina msimu wake wa kuhama. Shule za kimataifa zinapofunga mwaka mwezi Juni, familia za wanadiplomasia, wafanyakazi wa mashirika na wataalamu wa mikataba ya miaka miwili mitatu huanza kuuza vitu: jokofu, makochi, jenereta, baiskeli za watoto. Katika mitaa ya Kimihurura, Kacyiru, Nyarutarama na Kibagabaga, magari ya mizigo hupanda na kushuka vilima mchana kutwa. Kila kitu kikishapata mnunuzi au katoni, na tiketi za ndege zimeshakatwa, ndipo wenye nyumba wanapotazamana. Na mbwa je?

Wanaoachana na mbwa si wageni peke yao. Yupo Mnyarwanda aliyenunua mtoto wa German shepherd alipokuwa na ua mpana Kanombe, na sasa anahamia nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki mnyama. Yupo aliyelalamikiwa na majirani mpaka kwa kiongozi wa umudugudu, yaani mtaa, kwa sababu ya kelele za usiku. Yupo aliyefiwa na mzazi akarithi nyumba na mbwa asiyemtaka. Huko Marekani, watafiti waliochunguza makazi 12 ya wanyama na kuchapisha matokeo yao mwaka 1998 walikuta kuhama ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafanya watu wawapeleke mbwa wao huko, na sidhani Kigali, mji unaojengwa na kubomolewa kila siku, iko mbali na hali hiyo.

Baadhi humwachia mbwa zamu, kama mlinzi wa nyumba anavyoitwa jijini humo. Baadhi humpa jirani. Wengine humpigia simu daktari wa mifugo, au Welfare for Animals Guild, maarufu kwa jina la WAG, chama kinachookoa mbwa Kigali, kuwatibu, kuwahasi na kuwatafutia nyumba. Popote anapopelekwa, mwenye mbwa ataulizwa swali lile lile: mbwa wako yukoje?

Jibu hutolewa kwa dakika chache, mara nyingi na mtu mwenye haraka, mwenye huzuni, na mwenye aibu kidogo. Jibu hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa sababu mbwa hatapata nafasi ya kulisahihisha. Litaandikwa, litasomwa kwa wageni, litafupishwa, na hatimaye litakuwa ndilo mbwa mwenyewe kwa watu wasiomjua. Nyumba atakayopata, muda atakaosubiri, hata kama ataishi au atadungwa sindano ya mwisho, vinaweza kutegemea sentensi mbili alizosema mtu aliyekuwa anawahi uwanja wa ndege.

Lakini kabla ya kulipima jibu hilo, lazima tupime mahali linapotolewa. Kila Mnyarwanda aliyefikia umri fulani analijua jambo hili. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ya watu ilibaki barabarani, vichakani na kwenye viwanja vya makanisa kwa majuma, na mbwa waliokosa wenyewe waliila. Wanajeshi wa RPF (Rwandan Patriotic Front) na wa Umoja wa Mataifa waliwapiga mbwa hao risasi. Filamu ya mwaka 2005 kuhusu shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, ambako tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliwaacha zaidi ya wakimbizi 2,000 mikononi mwa wauaji, ilipewa jina la Shooting Dogs kutokana na risasi hizo. Philip Gourevitch, mwandishi wa Marekani aliyefika Rwanda mwaka 1995, aliandika kwamba aliikuta nchi karibu haina mbwa kabisa.

Mtu aliyeyaona hayo hapaswi kuambiwa kwamba hofu yake ya mbwa ni ujinga. Anayo haki ya kuogopa. Watoto wake waliozaliwa baadaye wamekua wakimwona mama akivuka barabara kila anapomwona mbwa, nao wamejifunza kuvuka. Ndiyo maana maelezo ya mbwa yana uzito zaidi Kigali kuliko London au Chicago. Kule, familia inayochukua mbwa wa makazi mara nyingi imeshawahi kuishi na mbwa mwingine. Ikisoma neno lisiloeleweka, ina uzoefu wa kulijazia. Kigali, familia inayomchukua mbwa kwa mara ya kwanza huenda imefanya hivyo kwa ujasiri mkubwa, dhidi ya ushauri wa bibi na shangazi. Maelezo ya uongo yakiwaumbua, mbwa atarudi kituoni, na familia hiyo haitajaribu tena.

Tuanze na uongo, basi, kwa kuwa upo.

Mwaka 2005 watafiti Sheila Segurson, James Serpell na Benjamin Hart walichapisha utafiti wao juu ya watu waliokuwa wakiwaleta mbwa wao makazini nchini Marekani. Wote walijaza dodoso la tabia. Kundi moja liliambiwa majibu yao yatabaki siri. Kundi jingine liliambiwa hayatakuwa siri. Tofauti ilijitokeza mahali pawili: walioambiwa hayatakuwa siri walitaja kwa uchache zaidi mbwa kumngurumia au kumuuma mwenye mbwa, na mbwa kuogopa watu wageni. Kwa maneno mengine, mtu akijua kwamba anachosema kitaamua hatima ya mbwa wake, hupunguza makali ya yale yale ambayo mpokeaji angehitaji zaidi kuyajua.

Sioni hapo watu waovu. Naona watu wanaompenda mnyama na wanaojua kwamba neno moja laweza kumuua. Ukimwambia mtu wa kituo kwamba mbwa wako alimwonyesha meno mtoto wa wageni siku ya Pasaka, atafanya nini na habari hiyo? Hujui. Basi unasema, "Ni mpole sana, anapenda watu." Na wapo wanaodanganya kwa upande wa pili. Huyu amechoka, au anataka dhamiri yake imwachie, basi anamkandamiza mbwa: mkorofi, hafundishiki, ni hatari. Mbwa asiyekuwa na kosa zaidi ya kubweka peke yake saa kumi kwa siku anaingia kituoni akiwa na hati ya mashtaka.

Utaniuliza, kwani kituo hakina macho? Kwa nini wasimwangalie mbwa wenyewe?

Wanamwangalia, lakini wanachokiona ni mbwa wa siku ile. Michael Hennessy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, waliwapima damu mbwa wa makazi mwaka 1997 na kukuta homoni ya msongo, kortisoli, ikiwa juu sana katika siku tatu za mwanzo, karibu mara tatu ya ile ya mbwa waliokuwa majumbani. Mbwa aliyelala miaka mitano kwenye baraza moja, akisikia gari moja, akila kwenye sufuria moja, ghafla yuko katika banda la saruji na mbwa 20 wanaobweka. Mwingine hujikunja pembeni asile. Mwingine hurukia wavu kutwa. Ukimwandika tabia siku ya pili, umeandika woga wake tu.

Wataalamu wa Marekani walidhani wamepata njia ya kuvuka tatizo hilo kwa mtihani. Mbwa huwekewa bakuli la chakula kitamu, na akiwa ameinamia, mpimaji humsogezea mkono wa bandia wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo ndefu. Mkono husukuma bakuli, halafu husukuma uso wa mbwa. Akiganda, akinguruma, akiung'ata mkono ule, huandikwa kwamba analinda chakula, na miaka ile, katika makazi mengi, alama hiyo ilitosha kumfanya asipewe mtu kamwe. Kisha Amy Marder na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, wakawafuatilia mbwa walioandikwa hivyo wakachukuliwa hata hivyo, wakakuta karibu nusu tu ndio walioonyesha tabia hiyo katika nyumba mpya. Na kati ya mbwa waliofaulu mtihani, wapo walioionyesha wakishafika nyumbani. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley wakapitia hesabu za majaribio ya aina hii, wakahitimisha kwamba kuyategemea si bora kuliko kurusha sarafu.

Kwa hiyo tunarudi kwa mwenye mbwa. Anayo miaka ambayo kituo hakina. Ameshamwona mbwa wakati wa radi, wakati wa ugonjwa, wakati mtoto alipomkanyaga mkia. Mtihani wa dakika kumi hauwezi kuipata habari hiyo. Ila ili itoke, lazima iulizwe vizuri, na aulizwe mtu anayestahili.

Hapa ndipo Kigali ina jambo lake, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Katika nyumba nyingi za jiji, anayemiliki mbwa na anayemjua mbwa ni watu wawili. Bwana na bibi huondoka alfajiri, hurudi jioni, humkuna mbwa kichwani getini. Zamu ndiye anayempikia kawunga, ugali wa mahindi, na dagaa. Zamu ndiye anayejua kwamba mbwa hutulia akiitwa kwa mluzi na huchafukwa akiitwa kwa makelele, kwamba motari, dereva wa pikipiki, akisimama getini na injini inawaka atabweka, akizima ataacha. Ndiye anayemfungia mbwa mchana na kumfungulia usiku. Ndiye aliyemwona siku alipomrukia mtu, na huenda hakusema, kwa sababu kusema kungemletea lawama yeye mwenyewe. Siku ya kumkabidhi mbwa, zamu hufungua geti gari likatoka, akabaki nyuma. Hakuna aliyemuuliza chochote, na anayekwenda kueleza habari za mbwa ni mtu anayemwona saa moja kwa siku.

Naamini hilo ni kosa kubwa, na ni rahisi kulirekebisha. Anayepokea mbwa aulize: nani anamlisha? Aombe kuzungumza naye, kwa Kinyarwanda, pembeni, bila mwajiri kusimama karibu. Msichana wa kazi naye aulizwe, kwa sababu yeye ndiye anayejua mbwa anakaaje na watoto mchana wakati wazazi hawapo. Ningewapa watumishi hawa wawili nusu ya karatasi ya maelezo bila kusita.

Jambo la pili ni majina ya jumla. Mpole, mkali, mtiifu, mkaidi: haya ni maoni, na maoni hubadilika kulingana na anayeyatoa. Anayefuga mbwa wa kulinda, iwe Kigali, Nairobi au Arusha, husema "mkali" kwa fahari. Ndilo neno analoliandika getini ili wezi walisome. Neno hilo hilo likiandikwa kwenye karatasi ya kituo, linamfungia mbwa nje ya kila nyumba yenye mtoto. Huenda ukali wenyewe ni kubweka tu nyuma ya geti, jambo alilofundishwa, akapongezwa kwalo, akapewa nyama kwalo.

Majina ya asili ya mbwa nayo yana hatari yake. Lisa Gunter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State walionyesha mwaka 2016 kwamba mbwa walioandikwa "pit bull" walisubiri zaidi ya mara tatu ya muda waliosubiri mbwa waliofanana nao kwa sura lakini wakaandikwa jina jingine. Sura ni ile ile, jina ndilo lililowachelewesha. Makazi mamoja ya Florida yalipoacha kabisa kuandika asili za mbwa kwenye kadi zao, mbwa wa sura hiyo walianza kuchukuliwa kwa wingi zaidi na kukaa muda mfupi zaidi. Mwaka 2018 Gunter na wenzake wakapima vinasaba vya zaidi ya mbwa 900 wa makazi: wafanyakazi walipotaja zaidi ya asili moja ya mbwa chotara, walipatia kwa takriban asilimia 10 tu. Sasa tazama kwetu, Afrika Mashariki nzima, tunavyowagawa mbwa: huyu ni wa kizungu, huyu ni wa kienyeji, huyu ni mbwa koko. Mwenye German shepherd hupata simu tano kabla ya jioni. Wa kienyeji, aliyezoea hali ya hewa ya vilima hivi, asiyehitaji chakula cha dukani, mwenye akili ya kutosha kuvuka barabara ya Remera saa za magari, hukaa kituoni miezi kwa sababu aliyemleta alisema, "Ni wa kienyeji tu."

Maelezo yanayomsaidia mbwa ni ya matendo. Alifanya nini, lini, wapi, mbele ya nani. Maelezo ya mbwa wa kawaida wa Kigali yangeweza kusomeka hivi:

"Dume, miaka minne, amehasiwa. Tangu akiwa na miezi mitatu ameishi ndani ya ua Gacuriro. Hajawahi kukaa na mbwa mwingine, kwa hiyo hatujui atafanyaje. Mchana hukaa bandani, hufunguliwa saa mbili usiku. Hulala nje. Hula mara mbili. Ukimsogelea akiwa anakula huganda na kukukodolea macho, hajawahi kuuma. Mwaka jana alirarua suruali ya fundi wa maji aliyeingia bila zamu kutangulia. Mtoto wa jirani wa miaka tisa huja kumchana manyoya, naye hulala chali. Hatujawahi kumwacha na mtoto mdogo. Anaogopa radi, hujificha chini ya gari. Anaelewa 'icara' (keti) na 'ngwino' (njoo). Chanjo ya kichaa cha mbwa iko kwenye kadi."

Msomaji wa maelezo hayo anajua afanye nini. Familia yenye mtoto anayetambaa itasema, huyu si wetu, na itakuwa imeepushwa na msiba. Mzee wa Rebero mwenye ua, watoto wake wakubwa, atasema, huyu namweza. Nitamlisha peke yake, na fundi akija nitamfungia kwanza. Familia ya Nyamirambo, ambako Kiswahili na Uislamu vimekaa pamoja kwa vizazi, huenda isitake mbwa aingie chumbani lakini ikahitaji mlinzi wa ua. Mstari ule wa "hulala nje" ndio unaowafaa. Sasa linganisha na "mbwa mzuri, mpole, anapenda watu". Nani atajua ampe nani?

Ona pia maneno "hatujui" na "hatujawahi". Wenye mbwa wengi huona haya kuyatumia, wakidhani yanamharibia mnyama. Kinyume chake, ndiyo yanayomlinda. Mbwa anayeambiwa "anapenda watoto" na mtu ambaye nyumbani kwake hapana mtoto ametegewa mtego: siku akishtuka akabweka mbele ya mtoto wa miaka miwili, atahesabiwa kuwa amegeuka, kumbe hakuwahi kujua mtoto ni nini.

Lipo swali moja ambalo sitaki lifanyiwe upole wowote: amewahi kuuma? Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeuma, kama anaonekana mzima, huwekwa chini ya uangalizi siku kumi. Akiwa na virusi vya ugonjwa huo kwenye mate, dalili zitajitokeza ndani ya muda huo. Sasa mtu akimleta mbwa aliyemuuma mtu juzi, akanyamaza, anawaweka hatarini wafanyakazi watakaomshika, na aliyeumwa anaweza kukosa habari ya kumwokoa. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Katika jambo hili kuficha hakuna upendo ndani yake.

Lakini haki ya kudai ukweli ina masharti yake. Kituo kinachotaka wenye mbwa waseme kweli lazima kiwaambie mapema, kwa maneno ya wazi, ukweli huo utatumikaje: kwamba mbwa hatauawa kwa sababu ya sentensi moja, kwamba kuganda kwenye bakuli kutamtafutia mlezi anayejua la kufanya, na kwamba familia mpya itasoma kila kitu kabla ya kuweka sahihi. Ahadi hiyo isipotolewa, au ikitolewa isitimizwe, tusishangae kila mbwa wa Kigali akiwa "mpole sana". Na karatasi iulize matendo, isiulize sifa. Kuandika "Je, ni mkali?" ni kuomba ndiyo au hapana. "Tueleze mara ya mwisho alipombwekea au kumrukia mtu" inaleta habari.

Ningependa pia vituo vimpigie mwenye mbwa wa zamani baada ya wiki mbili. Wakati huo tiketi imeshatumika, hofu imepungua, na watu husema yale waliyoyameza siku ile. Namba ya zamu nayo ihifadhiwe, kwa sababu yeye bado yuko Kigali.

Kama wewe ni mmoja wa watakaohama msimu ujao, usingoje wiki ya mwisho. Piga simu miezi mitatu kabla, ili mbwa wako atafutiwe nyumba akiwa bado kwenye baraza lake, mahali ambapo mgeni anaweza kumwona alivyo. Kaa jioni moja na zamu na dada wa kazi, muulizane kila mmoja ameona nini, uandike yote pamoja na yale yanayokuuma kuyaandika. Na siku ya kumpeleka, mchukue zamu kwenye gari, umlipe siku yake, aketi kwenye kiti akitoa maelezo kama wewe. Kadi ya chanjo muibebe mkononi.